Bastola ya .22: Pesa ya Kwanza Iende kwenye Risasi, Siyo kwenye Urembo

Wiki hii tuweke pembeni mbegu na mbolea kidogo. Kuna jambo limekuwa likiulizwa sana na vijana wenye mashamba makubwa kidogo, hasa wale waliopata leseni ya kumiliki silaha ndogo ya .22. Swali linakuja hivi: "Afisa, nimeona kwenye video za Marekani wanafunga nukta nyekundu, wanabadilisha triga, wanaweka kishikio kipya. Na mimi nianze na kipi?"

Jibu langu ni fupi, na najua halitawapendeza wote. Anza na risasi. Halafu mazoezi. Halafu kilengeo cha nukta nyekundu, kama bado unakihitaji. Vifaa vingine vyote viwe vya mwisho, na vingi kati yake usinunue kabisa. Na kabla hata ya hayo yote, kubali kwamba bastola ya .22 ni chombo cha shabaha. Hailindi shamba. Ukilikubali hilo utaokoa pesa, na pengine utaokoa mtu.

Naandika kama afisa ugani, lakini pia kama mtu mwenye leseni ya .22 anayepiga shabaha na wenzake uwanjani. Siuzi vifaa vyovyote.

Kwanza tujue tunazungumzia nini

Risasi ya .22 wenyewe wanaiita rimfaya. Maana yake ni kwamba kemikali ya kuwashia baruti imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, siyo kwenye kidonge cha katikati kama risasi ya 9 mm. Pini ya bastola inagonga ukingo, ukingo unabanwa, moto unawaka. Aina inayotumika zaidi duniani inaitwa .22 Long Rifle, nayo ipo tangu mwaka 1887. Usichanganywe na jina, inatumika kwenye bunduki na kwenye bastola pia.

Uzuri wake ni kwamba ni ya bei nafuu ukilinganisha na risasi kubwa, haipigi teke mkononi, na sauti yake ni ndogo. Ndiyo maana watu wengi wanajifunzia nayo. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza, kwa kuwa kemikali inatakiwa ienee vizuri kwenye ukingo mzima, mara moja moja sehemu moja inakosa, na risasi haiwaki. Jambo hilo hutokea zaidi kwenye rimfaya kuliko kwenye risasi za kidonge cha katikati. Ya pili, nguvu yake ni ndogo. Kichwa cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Kikitoka kwenye mtutu mfupi wa bastola kinabeba nguvu ya joule 100 na kidogo, wakati 9 mm inafika karibu joule 500.

Lakini nguvu ndogo siyo sawa na usalama. Risasi hiyo hiyo ndogo ikipigwa hewani inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Shikilia namba hiyo, nitarudi kwake.

Kwa nini risasi kwanza

Nyie mnajua habari ya mbegu. Mahindi yale yale yanayompa mtu wa Mbeya magunia mengi, ukiyapeleka Dodoma yanaweza kukuangusha. Hatusemi mbegu ni mbaya, tunasema haikukutana na udongo wake. Ndiyo maana tunafanya vishamba vya majaribio kabla ya kupanda ekari 20.

Bastola ya .22 iko hivyo hivyo. Mbili za kiwanda kimoja, zilizotengenezwa mwezi mmoja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Hii inapanga vizuri kwa hii, ile inakwama kila magazini. Hakuna video itakayokuambia yako inapenda nini. Bastola yenyewe ndiyo itakujibu, ukiiuliza vizuri.

Namna ya kuiuliza ni hii. Chukua aina mbili au tatu zinazopatikana kihalali kwenye duka lenye kibali, ndani ya idadi unayoruhusiwa na leseni yako. Nenda uwanja wa shabaha. Weka kiroba cha mchanga mezani, egemeza mikono, piga mita 25. Kwa kila aina piga makundi matano ya risasi tano tano, kila kundi kwenye karatasi yake. Pima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi. Andika kwenye daftari: aina ya risasi, ukubwa wa kundi, ngapi zilikwama, ngapi hazikuwaka.

Usichague kwa kundi moja zuri. Shamba halihukumiwi kwa hindi moja kubwa. Angalia wastani wa makundi matano. Bastola nzuri ya shabaha iliyopata risasi inayoipenda inaweza kukupa makundi ya sentimita 5 au chini yake kwa umbali huo. Bastola ile ile ikipewa risasi isiyoipenda inatawanya mara mbili ya hapo, na hakuna triga ya kununua itakayorekebisha hilo.

Kuhusu aina, kwa ufupi:

Risasi za kasi ya kawaida, zile zenye kichwa cha risasi tupu cha gramu 2.6, zinatoka kwa kama mita 325 kwa sekunde kwenye mtutu wa bunduki, na chini ya hapo kwenye bastola. Mfano ni CCI Standard Velocity. Kwa shabaha mimi ningeanzia hapo. Hazivuki kasi ya sauti, na mara nyingi zinapanga vizuri.

Risasi za kasi kubwa kama CCI Mini-Mag zinafika mita 375 hivi kwa sekunde kwenye bunduki. Faida yake kwenye bastola za kujipakia ni msukumo. Kuna bastola ambazo risasi dhaifu haziwezi kurudisha bolti nyuma vizuri, ganda linabanwa, unakwama. Kabla ya kununua springi mpya, jaribu risasi hizi.

Risasi za kasi ya kupindukia, nyepesi, zenye maneno makubwa kwenye boksi, achana nazo. Kwa karatasi hazikuongezei kitu, na nyingine zina ganda refu kidogo ambalo halifai kwenye chemba zilizobanwa za bastola za mashindano.

Risasi ghali za mashindano, kama za Eley au Lapua, ni nzuri kweli. Lakini kama bado unatawanya sentimita 20 kwa mkono mtupu, hizo ni mbolea ya kukuzia kwenye shamba ambalo halijapaliliwa.

Kuna kijana mmoja kwenye kata ninayohudumia alikuja na malalamiko kwamba bastola yake ni mbovu. Inakwama, haiwaki, inakwama tena. Tayari alikuwa ameshaulizia springi, pini mpya na magazini za nje ya nchi. Tulipokaa nayo mezani tukakuta mambo mawili. Alikuwa anatumia risasi dhaifu za mazoezi zilizotengenezewa bunduki ya kupakia kwa mkono, na chemba ilikuwa imejaa nta na masizi. Risasi za .22 hupakwa nta kwa nje, kwa hiyo uchafu wake ni mwingi. Tukasafisha, akabadilisha risasi, bastola ikaanza kula magazini tano mfululizo bila kugoma. Pesa ya springi akanunulia pampu ya kupulizia.

Sasa mambo ya usalama ambayo hayana mjadala. Risasi isipowaka, usikimbilie kuitoa. Elekeza mtutu kwenye tuta, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama hapo hapo, toa magazini, hakikisha kichwa hakijabaki ndani ya mtutu kabla ya kupiga nyingine. Ziba masikio na vaa miwani, hata kama sauti "ni ndogo". Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ile ni madini ya risasi, sumu. Na usigeuze banda la kuku kuwa uwanja wa mazoezi. Kuku anadonoa chochote kinachong'aa, na madini hayo yanamuua polepole.

Kwa wenzetu wa Pwani na visiwani: unyevu na mafuta ni adui. Hifadhi risasi kwenye boksi lake, mahali pakavu, mbali na bastola, chini ya kufuli. Na usizipake mafuta ukidhani unazitunza.

Kilengeo cha nukta nyekundu: kinasaidia, lakini hakikufundishi

Sipingi nukta nyekundu. Kati ya vifaa vyote, hiki ndicho pekee ninachoweza kumshauri mtu anunue, baada ya risasi. Vilengeo vya chuma vinakutaka upange vitu vitatu: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na shabaha. Jicho haliwezi kuona vyote vitatu kwa ung'avu mmoja. Nukta inakupa kitu kimoja tu cha kuangalia. Pia inakuonyesha ukweli bila huruma. Mkono wako ukitetemeka utaiona nukta inacheza kama nzige, na ukivuta triga kwa pupa utaiona inaruka. Kwa mwanafunzi hilo ni somo zuri.

Ukichagua, angalia mambo haya.

Ukubwa wa nukta. Vinaandikwa kwa kipimo cha MOA. Kwa mita 25, nukta ya MOA 3 inafunika kama sentimita 2.2 kwenye karatasi, ya MOA 6 inafunika sentimita 4.4. Ndogo ni nzuri kwa kulenga kwa utulivu, kubwa inapatikana haraka machoni. Kwa mazoezi ya karatasi mimi ningechukua ya 3.

Iliyo wazi au iliyofungwa. Kuna vilengeo ambavyo taa yake iko wazi: tone la mvua au vumbi likitua juu yake, nukta inapotea au inachanua. Vilivyofungwa ni kama kijisanduku chenye kioo mbele na nyuma. Kwa mazingira yetu ya vumbi la Julai na matope ya Machi, iliyofungwa inastahili nyongeza ya bei.

Betri. Nyingi zinatumia ile bapa ya CR2032, hata madukani kwetu ipo. Ukikuta kilengeo kinachotumia betri ya ajabu, kiache.

Mahali pa kufunga. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Hakikisha kwanza bastola yako ina matundu ya skrubu au reli ya kufungia. Bastola za mtindo wa Ruger Mark IV na Browning Buck Mark zina faida moja: bolti inatembea ndani, sehemu ya juu ambapo kilengeo kinakaa haisogei. Kilengeo hakipati mtikisiko mkubwa, hata cha bei ya wastani kinadumu. Bastola ambazo kilele chote kinarudi nyuma kila risasi zinakitesa zaidi.

Ukishafunga, kaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo, weka alama ya rangi ili ujue kama zinalegea, halafu rekebisha kwa mita 25 ukitumia risasi ile ile uliyoichagua kwenye majaribio. Ukibadilisha risasi, rekebisha upya. Na jua kwamba ukiilenga sawa mita 25, kwa mita 50 risasi itatua sentimita kadhaa chini. Hiyo siyo kasoro ya kilengeo, ni uzito wa dunia.

Darubini ndefu za kukuza kwenye bastola? Kwa wengi wetu hapana. Inakuza shabaha, lakini inakuza na mtetemo. Bila kuegemea kitu utabaki unatafuta karatasi iko wapi.

Vifaa vingine: vipi vina maana, vipi ni urembo

Kishikio. Kama mkono wako haukai vizuri, kishikio kinachokutosha kina maana. Ni kama mpini wa jembe, ukikosea ukubwa unachoka mapema. Shika kwanza, ndiyo ununue.

Magazini za ziada. Ndiyo, za kiwanda chenyewe. Magazini mbovu ndiyo chanzo cha kukwama kwingi ambako watu wanamlaumu fundi wa bastola.

Triga. Hapa naomba mnisikilize. Viwanda vingi vya vipuri vinauza triga nyepesi, na kwenye mashindano zina kazi yake. Lakini triga nyepesi mikononi mwa mtu asiye na nidhamu ya kidole ni hatari tupu. Kama hujapiga mamia ya risasi kwa triga ya kiwandani, hujui bado kama tatizo ni triga au ni wewe. Na usimpe fundi wa pikipiki aisugue kwa tupa. Sehemu hizo ndogo ndizo zinazoizuia bastola isifyatuke yenyewe.

Kama unadhani natia chumvi, kumbukeni kwamba hata viwanda vikubwa hupata shida hapo. Mwaka 2017 Ruger waliziita zirudi kiwandani bastola zao za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo, kwa sababu kulikuwa na uwezekano wa kufyatuka sefti isipowekwa vizuri huku triga imevutwa. Kiwanda chenye wahandisi kimekosea sehemu hiyo, sembuse fundi mwenye tupa chini ya mwembe. Na kama unanunua iliyotumika ya aina hiyo kwa mwenye leseni mwenzako, hakikisha imefanyiwa marekebisho hayo.

Mitutu ya rangi, mikia ya kuongeza uzito, vijitundu vya kupunguza teke: .22 haina teke la kupunguza. Huo ni urembo.

Kiziba sauti, kukata mtutu, kugusa namba ya silaha: usithubutu. Na kwa badiliko lolote linalogusa silaha yenyewe, nenda kwanza kwa afisa wa polisi anayeshughulikia leseni yako umuulize. Silaha zetu ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni amana, siyo mali.

Sasa shambani

Najua wengi mnaouliza hamuulizi kwa ajili ya karatasi. Mna ngedere kwenye mahindi, nguruwe pori kwenye mihogo, nyoka bandani, wezi wa mazao. Mnadhani mkifunga nukta nyekundu, shamba limepata mlinzi.

Tuchukue mmoja mmoja. Nguruwe pori mzima ana kilo 60 na zaidi, na ngozi ngumu. Ukimpiga na .22 ya bastola usiku, kinachotokea ni mnyama aliyejeruhiwa anayekimbilia vichakani, na kesho asubuhi mama anayekata kuni ndiye anayekutana naye. Ngedere yuko juu ya mti, na nyuma ya mti kuna anga. Kwelea kwelea wanakuja kwa maelfu kwa maelfu, ndege mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kundi la milioni moja ni tani 10. Hilo ni jambo la kuripoti mapema kwa afisa kilimo ili serikali ipulizie kwenye mazalia yao. Huwezi kupambana nalo kwa magazini ya risasi kumi.

Nyoka? Zipo risasi za .22 zenye chembechembe ndogo badala ya kichwa kimoja. Zinatawanyika haraka sana, kwa hiyo inabidi umkaribie nyoka hatua chache. Swila anakutemea mate machoni kutoka mita mbili au zaidi. Nani yuko hatarini hapo? Tena kwenye bastola nyingi za kujipakia risasi hizo hazina nguvu ya kurudisha bolti. Fyeka majani, ziba mashimo ya panya, vaa buti. Nyoka anafuata panya.

Na sasa ile kilomita moja na nusu. Katika eneo ninalofanyia kazi, mkulima mmoja alipiga ngedere aliyekuwa juu ya mwembe. Akamkosa. Hakufikiria tena. Jioni jirani, aliyeko zaidi ya mita 400, akakuta tangi lake la maji la plastiki linavuja, na ndani kuna kipande cha risasi. Mchana huo huo watoto watatu walikuwa wanachota maji pale. Hakuna aliyeumia. Lakini undugu wa miaka mingi kati ya nyumba mbili ulikufa siku hiyo, na leseni ya yule bwana ikaenda. Bastola ilikuwa nzuri, ilifungwa vizuri, na kilengeo kilikuwa kimerekebishwa sawasawa. Kilichokosekana ni tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Kuna na upande wa sheria. Leseni ya silaha siyo kibali cha kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na ngedere wa shambani kwako naye ni mnyamapori. Wakikuzidi, toa taarifa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa wanyama waharibifu na hatari walioorodheshwa kuna utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi. Utaratibu unachelewa, nakubali, na kiasi chake hakilingani na hasara, nakubali pia. Lakini asiyeripoti hapati hata hicho. Na kwa mlinzi wa kweli wa mahindi, panga zamu za alfajiri na jioni wakati yanakomaa, fuga mbwa, panda kwa pamoja na majirani ili hasara isiangukie shamba moja. Kazi hiyo haivutii kama video, lakini inaleta gunia nyumbani.

"Afisa, kwa hiyo unatukataza?"

Hapana. Kupiga shabaha ni mchezo mzuri, unafundisha utulivu, na kijana anayejua kushika pumzi na kuvuta triga polepole anajua kusubiri hata bei ya vitunguu. Mwenye leseni na uwezo ana haki ya kuutumia. Ninachokataa ni mpangilio wa matumizi.

Kama una shilingi 10 za kutumia kwenye bastola hiyo, mimi ningegawa hivi: shilingi 6 kwa risasi za majaribio na mazoezi uwanjani chini ya mwalimu, shilingi 1 kwa vizibo vya masikio, miwani na vifaa vya kusafishia, shilingi 1 kwa kasha la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani, na shilingi 2 uziweke. Baada ya miezi sita, angalia daftari lako. Kama makundi yako yamepungua na macho ndiyo yanayokukwamisha, zile 2 ongezea ununue nukta nyekundu. Kama makundi hayajapungua, nukta haitakusaidia, ongeza mazoezi. Na kama katika miezi sita umeenda uwanjani mara moja tu, basi ujue ulichokuwa unataka ni picha ya kuweka kwenye simu.

Halafu kuna swali la mwisho ambalo mkulima wa biashara lazima ajiulize kwa kila shilingi: je, msimu huu imeshapata kazi shambani? Kama matone yako hayajalipiwa, kama hujapima udongo, kama bado unamkopa mwenye trekta, bastola isubiri. Haiozi.

Wenye daftari la majaribio nileteeni namba zenu: aina ya bastola, aina ya risasi, wastani wa makundi matano kwa mita 25, na mara ngapi ilikwama. Tutazilinganisha, kama tunavyolinganisha mavuno ya mbegu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mnyauko wa nyanya, maana huo hausubiri mtu. Kazi njema.